Kimea Katika Nyumba ya Mama

Siku ile nilipiga kelele maabarani, na wenzangu hunitania nayo mpaka leo. Haki ya Mungu, mtu yeyote angepiga kelele. Nilikuwa nimepika uji wa mawele na ndengu, uji mzito wa kusimamisha mwiko. Niliuepua, nikaungoja upoe mpaka kidole kiuvumilie, kisha nikanyunyizia unga wa kimea, kiasi cha ncha za vidole tu. Nikakoroga. Mwiko uliokuwa umekwama ukaanza kutembea. Nikazidi kukoroga, uji ukalegea, ukashuka, ukawa unamiminika kama maziwa. Sikuwa nimeongeza tone la maji. Nikaita, "Jamani, njooni muone!" na mkubwa wangu akaja mbio akidhani nimeungua.

Alipoona ni uji, alicheka. "Hiyo si iko kwa vitabu?" akaniuliza. Najua iko kwa vitabu. Niliisoma, nikaulizwa kwenye mtihani, nikaijibu na nikapata alama zangu. Lakini kuambiwa kwamba kitu kinayeyuka ni jambo moja, na kukishikia mwiko kikiyeyuka ni jambo jingine kabisa. Nilimwambia aniache nishangae. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na yeye anajua, kwa hivyo aliniacha.

Maabara yetu iko karibu na Kwa Vonza, chumba kimoja chenye joto la kuoka mkate. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza unga wa akiba wa watoto wadogo, unga ambao ungewekwa vijijini mapema, kabla mvua haijakataa, ili mvua ikikataa watu wasianze kusubiri lori la msaada. Tulitaka uwe wa vitu vinavyoota hapa hapa kwetu: mawele, mtama, ndengu, kunde, mbegu za malenge, na ubuyu kidogo wa kuchangamsha ladha. Vitu hivyo vikichanganywa vizuri ni chakula cha maana. Shida haikuwa unga, shida ilikuwa uji wake.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halizidi ngumi ya mtu mzima kwa ukubwa. Ukimpikia uji mwepesi anaoweza kuunywa, umemjaza maji. Ukimpikia wenye chakula ndani, unakuwa mzito, na mtoto aliyedhoofika hana nguvu ya kuusukuma kooni. Hapo ndipo tulipokuwa tumekwama, tukipika na kumwaga, tukipika na kumwaga. Halafu kimea kikaja, na sufuria moja ya uji mzito ikawa inanyweka, chakula chote kikiwa bado ndani. Siku hiyo nilirudi kwangu nikitembea kama mtu aliyeokota dhahabu na hajui amwonyeshe nani.

Kimea chenyewe si kitu cha ajabu. Ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa ichipuke, ikaanikwa na kusagwa. Huku Ukambani kila mtu mzima anakijua, na wengi wanakijua kwa kazi moja tu, nayo ni pombe. Hilo nalo nilikuwa nalijua, ila sikulipa uzito mpaka lilipoingia nyumbani kwetu.

Mama yangu anaishi upande wa Kanyangi. Mwaka huo mvua ilinyesha siku za kutudanganya, mahindi yakatoka, yakanyauka yakiwa bado hayajafika magotini. Mdogo wangu wa kike akaona hapana, akaenda Kibwezi kuchuma mboga kwenye mashamba ya kunyunyizia maji, akamwachia mama mtoto wake wa kike. Mtoto alikuwa amemaliza mwaka tu, bado wa kunyonya. Aliachishwa ziwa ghafla, siku moja. Mama alinipigia simu, na mama si mtu wa kupiga simu ovyo.

"Huyu mtoto anakataa kula," akasema. "Njoo umwone. Wewe si ndiye mwenye kusomea chakula?"

Nilienda. Sitaki kueleza sana jinsi nilivyomkuta. Mikono ilikuwa imebaki ngozi ya kukunjika, na hakulia kama watoto wanavyolia, alikuwa anakwaruza tu sauti. Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, ukasoma njano, tena njano ya kubisha hodi kwa nyekundu. Akamkagua miguu, hakuwa amevimba. Hakuwa na homa pia. Zile pakiti za lishe zilikuwa zimeisha, wakingoja nyingine. "Mlisheni mara nyingi, kidogo kidogo," akatuambia. "Mmlete kila wiki nimpime. Utepe ukiingia nyekundu, msikae naye, mkimbizeni hospitali kubwa siku hiyo hiyo." Mama aliitika kwa kichwa kila neno.

Nyumbani nilimtazama akimlisha. Jamani, mama yangu anapika uji! Kwake yeye uji mzito ni heshima. Uji mwepesi ni wa watu walioishiwa, na mgeni akikukuta ukimpa mtoto uji wa kuona kupitia ndani, atatangaza sokoni. Alichota kijiko, akapuliza, akamtilia mtoto mdomoni. Mtoto akauweka shavuni. Akakaa nao pale, hatemi, hamezi, anatuangalia. Mama akambembeleza, akaimba, akamsugua shavu kwa kidole. Mwishowe uji ukatoka wenyewe ukateremka kidevuni. Akaongeza maji, mtoto akanywa, tumbo likawa ngoma, na baada ya muda mfupi akaanza tena kukwaruza kwa njaa. Nilihisi nywele zikinisimama, kwa sababu lile fumbo letu la maabara lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye mapaja ya mama yangu.

"Mwaitu," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "tuoteshe mawele. Tutengeneze kimea."

Aliacha kijiko hewani. "Kimea? Kwa nyumba hii?"

Hapo nikakumbuka ninaongea na nani. Mama ni mshirika wa kanisa wa kupigiwa mfano, anaongoza maombi ya akina mama, na alipookoka alivunja mtungi wa pombe mbele ya waumini wote. Mama mkwe wake, nyanya yangu, ndiye aliyekuwa akiwapikia wazee pombe ya mawele, na mama alipoolewa tu alifundishwa kuotesha. Wanaokumbuka wanasema hakuna aliyeotesha kama yeye. Lakini tangu avunje ule mtungi, kimea hakikuwa kimevuka kizingiti chake.

"Si cha pombe, ni cha uji," nikamwambia.

"Kimea ni kimea. Utasema ni cha uji, jirani ataona nini kikianikwa kwa paa? Ataona uji?"

Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Nilimwambia mambo ya maabara, akaniambia mambo ya ushuhuda. Nilimwambia ushuhuda wake utamuua mtoto, na hilo neno lilipotoka nilijua limeenda mbali. Mama alinikata jicho, akamweka mtoto mgongoni, akafunga leso, akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameamua. "Nenda kazini kwako," akasema. "Nitaotesha. Nitafanya vile najua mimi."

Nilirudi Kwa Vonza roho mkononi. Jumamosi ilipofika nilikuwa Kanyangi kabla jua halijawa kali. Mtoto alikuwa vile vile, labda chini kidogo, ila kimea kilikuwa tayari kwenye mkebe, kimesagwa laini, cha rangi nzuri. Nikamsifu mama kwa moyo wote. Tukapika uji mzito, tukauepua, ukapoa, nikachota kimea kwa mbwembwe kama mganga wa sokoni. "Sasa tazama, Mwaitu."

Nikakoroga. Uji ukakaa vile vile. Nikaongeza kimea. Nikakoroga mpaka bega likauma. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria bila kushikwa, wima, kama unanicheka.

"Ndiyo hii ya masomo?" mama akauliza. Hakuuliza kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliniumiza. Aliuliza akiwa amemshika mtoto, kama mtu aliyekuwa ameanza kuamini.

Nikachukua mkebe nikaunusa. Ulinukia vizuri mno, harufu tamu ya karanga zikitoka kwenye kikaango. Nikahisi damu inapanda kichwani. "Mwaitu, ulikaanga hiki kitu?"

"Sasa! Nilikaanga sana. Nilikaanga mpaka kikabadilika rangi."

"Kwa nini?"

"Kuua pombe," akasema, akinishangaa. "Ningekiweka aje kwa nyumba na pombe yake ndani?"

Nilitoka nje. Nilihitaji kufokea kitu ambacho hakingeumia, nikawafokea mbuzi, wakaniangalia wakiendelea kutafuna. Lakini hata nikifoka, akili ilikuwa inanisuta. Ni kweli kuna kitu ndani ya kimea. Ni kweli moto unakiua. Mama alikosea jina lake tu. Alijua mbegu iliyochipuka ina uhai fulani unaofanya kazi, akauogopa, akauchoma. Na ndio uleule tuliokuwa tunautaka. Jambo hilo lilinipoza. Nikageuka, na macho yangu yakatua juu ya ungo uliokuwa juani nyuma ya jiko. Kulikuwa na mawele yaliyobaki, yamechipua mizizi miembamba myeupe, yamekauka, lakini bado hayajaonja kikaango.

Niliubeba ungo ndani, nikaketi sakafuni karibu na miguu yake. Sikupandisha sauti. "Mwaitu, angalia hii punje. Hiki kidogo kinachochungulia ni mtoto wake. Hana meno, hana mdomo. Chakula chote kiko ndani ya punje, lakini ni kikavu, kigumu, hawezi kukila. Unajua anakulaje?"

Akainama kuangalia.

"Punje ikipata maji inaamka, inatengeneza kitu kama mate. Inakilainisha kile chakula, inakiyeyusha, mtoto wake anakinywa. Ndiyo sababu anachipuka. Sisi tunaazima hayo mate tu, tunamlainishia huyu wetu."

Mama aliokota punje moja akaiweka kiganjani, akaisogeza karibu na macho. "Kwani mbegu nayo inatafunia mtoto?"

"Inatafunia."

"Na nani alikitia humo?"

"Hakuna mtu. Kimo humo tangu mbegu iumbwe."

Aliigeuza punje kiganjani. Mtoto alilala begani mwake mdomo wazi. "Basi wenye pombe walikikuta hapo," akasema polepole. "Walikiiba. Hakikuwa chao."

"Walikiiba, Mwaitu."

"Wezi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona akitaka kucheka.

Alinipa mtoto, akapukutisha ile mizizi, akapepeta, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, lile la zamani ambalo siku hizi linawekelewa ndoo. Alisaga mwenyewe. Akanyunyiza kimea kwenye ule uji wa wima, akashika mwiko. Mzunguko wa kwanza mkono wake ulijikaza. Mzunguko wa pili ulilegea. Kisha uji ukaachia. Nilimwona akiona. Aliinua mwiko na uji ukateremka kwa uzi mwembamba, unang'aa, akauteremsha, akauinua tena. "Ai Ngai," akanong'ona, akimwita Mungu kwa Kikamba. "Ai Ngai wangu." Mimi nilikuwa nimeuona mara nyingi kazini, lakini mwili ulinisisimka upya, mpaka nikamkumbatia mtoto kwa nguvu akalalamika.

Halafu mama akanigeukia. "Umetia maji nikiangalia kando."

"Alaa! Mimi?"

"Toka nje."

Sikutanii. Mama yangu alinitoa jikoni, akanisimamisha nje mlangoni nikiwa na mtoto mikononi, pale ambapo angeniona, akapika uji mwingine mzito kutoka mwanzo. Akautia kimea kwa mkono wake, peke yake. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, kwanza kwa uzito, halafu kwa wepesi. Alipotokea mlangoni alikuwa ameushika mwiko mbele yake kwa mikono miwili, matone yakimwangukia miguuni naye hana habari. "Ni ukweli," akasema. "Ingia."

Nikamwambia urudishwe motoni utokote tena kidogo, usije ukamletea mtoto tumbo, akaurudisha bila ubishi. Ulipopoa tukamtilia mtoto kwenye kikombe chake. Mama alimwekea mdomoni akiwa ameshika pumzi, na mimi pia. Mtoto alikunywa funda moja. Akatulia. Nikaliangalia lile shavu, shavu la kuhifadhia uji, nikaomba kwa Mungu wa mama na wa kila mtu. Koo likapanda na kushuka. Mtoto akakitazama kikombe, akakikunjia uso kama mtu anayekidai, akafungua mdomo.

Mpaka leo sijaona kitu kikubwa kuliko ule mdomo. Nimekaa kwenye mikutano ya wataalamu, nimeona mashine za bei ambayo siwezi kuitamka, lakini mdomo wa yule mtoto ukifunguka wenyewe, bila kubembelezwa, ulinifanya niketi chini. Alikunywa hadi akasinzia na ukingo wa kikombe mdomoni. Ndani ya tumbo lile dogo kulikuwa na mawele, ndengu, malenge, chakula kizima. Mama hakusogea kwa muda mrefu, asije akamwamsha.

Tangu siku hiyo kimea kilianikwa juu ya paa hadharani. Akina mama wa kanisa walipouliza, mama aliwajibu mwenyewe, tena kwa sauti, kwamba ni mate ya mbegu, na anayetaka kubisha aje na sufuria yake. Walikuja. Nami nilikuwa nikifika kila Jumamosi nakuta mtoto amebadilika kidogo: kwanza sauti, ikawa kilio cha haki, halafu macho, halafu siku moja akanirushia kijiko. Sijawahi kufurahia kurushiwa kitu namna hiyo.

Kila wiki mama alimpeleka zahanati bila kukosa. Siku ambayo utepe ulisoma kijani nilikuwepo. Muuguzi aliuzungusha, akauvuta, akauzungusha tena asiamini macho yake, kisha akapiga makofi. "Kijani! Susu, umemlisha nini huyu?" akamuuliza mama, maana susu kwetu ni nyanya. Mtoto akaanza kuutafuna ule utepe. Nilicheka mpaka nikalia, nikampigia simu mdogo wangu Kibwezi, naye akapiga vigelegele shambani mpaka nikasikia wenzake wakiuliza kuna nini.

Mama alimweka mtoto mgongoni, tukashika njia ya nyumbani. Nilikuwa naongea kama redio. Nilieleza tutakavyoweka kimea kwenye unga wa akiba, tutakavyoandika maagizo kwa Kikamba, tutakavyokataza watu kukaanga. Yeye kimya. Tukavuka korongo kavu, bado kimya. Nikaanza kukasirika, unavyonijua sasa. "Mwaitu, mtoto amepona. Si hata ufurahi kidogo?"

Alisimama. Mtoto alikuwa anamvuta kitambaa cha kichwani, hakumzuia.

"Kaka yako," akasema.

Nilijua nilikuwa na kaka aliyenitangulia na akafa mdogo. Zaidi ya hapo sikujua lolote, kwa sababu kwetu alikuwa hatajwi.

"Ilikuwa njaa kama hii. Unga tulipata kidogo. Nilimpikia uji mzito, akauweka shavuni. Nikatia maji, akanywa, akazidi kukonda. Hivyo hivyo, kama huyu." Alikuwa anaongea akiangalia mbele, si mimi. "Na kimea kilikuwa kwa nyumba. Mama mkwe alikuwa amekiweka cha pombe ya kuombea mvua, wazee wakienda matambikoni. Nyumba yangu ndiyo ilikuwa na mlango wa kufunga, akaniambia nikichunge, mtu asikile. Nikakichunga. Mfuko mzima. Sikugusa hata punje."

Nilitaka kumwambia hakuna aliyejua, kwamba asingeweza kujua.

"Siku ya mwisho alikuwa amebaki mifupa, kitanda kilikuwa kinamuumiza," mama akasema. "Nikauchukua ule mfuko nikamwekea chini ya kichwa. Ulikuwa laini. Hapo juu ndipo alifia."